Msiri wa Bunkeya: Mwami aliyetawala kwa mukuba uliovutwa kuwa nyuzi

Fundi wa telefone sokoni Kolwezi akifungua telefone iliyoharibika, mara nyingi anakuta ndani yake utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, laini kama karatasi, unaounganisha kioo na sehemu nyingine za mashine. Utepe huo unakunjwa, unapindwa, wala haukatiki. Ndani yake kuna njia ndogo za mukuba zinazopitisha umeme.

Utepe wenyewe umetengenezwa mbali sana na Lualaba. Lakini ujuzi wa kuufanya mukuba uwe mwembamba, ulainike kwa moto na ujikunje bila kuvunjika si mgeni katika jimbo hili. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mafundi wa Bunkeya, katika eneo ambalo leo ni teritware ya Lubudi, waliufanya kila msimu. Mtawala wao alikuwa Msiri, Mwami wa Bayeke. Mukuba ulimleta Katanga akiwa kijana, mukuba ukampa nguvu, na mwishowe watu waliokuja kuutafuta mukuba huo walimuua.

Mtoto wa mfanyabiashara wa mukuba

Msiri alizaliwa mnamo mwaka 1830 hivi, katika inchi ya Basumbwa, magharibi ya Tabora, Tanzania ya leo. Jina lake lilikuwa Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mtu wa misafara. Alivuka nyika na mito hadi Katanga, akanunua mukuba kwa machifu wa huko na kurudi nao Unyamwezi, ambako uliuzwa kwa faida.

Kwa hiyo kijana Ngelengwa alikulia katika nyumba ambayo mukuba ulikuwa ni chakula cha kila siku. Alijua unatoka wapi, unabebwa vipi, na watu wa mashariki wanaupendea nini. Mnamo mwaka 1856 hivi, alifika mwenyewe Katanga na kundi la wenzake. Wenyeji waliwaita Bayeke, jina linalotokana na wawindaji wa tembo.

Hakufika kama mshindi. Mwanzoni alikuwa mgeni mwenye bunduki chache, akiomba ruhusa kwa watawala wa eneo. Mashariki alikuwako Mwata Kazembe, mwenye nguvu katika bonde la Luapula. Karibu zaidi walikuwako chifu Katanga wa Balamba, ambaye jina lake lilibaki kwa inchi nzima, na chifu Mpande wa Basanga. Machifu hao walisumbuliwa na mashambulizi kutoka upande wa Baluba, na bunduki za Bayeke ziliwafaa. Msiri aliwasaidia, akapata heshima, akapata mashamba na wake. Miaka ilivyopita, mgeni alikuwa ndiye mwenye amri.

Alipomaliza kujenga utawala wake, inchi aliyoiita Garanganze ilikuwa kati ya mito Lualaba na Luapula. Mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Wenyeji wengi walimtaja kwa jina la Mushidi.

Jiwe la kijani linakuwa fedha

Mukuba wa Katanga haukuanza na Msiri. Katika makaburi ya zamani ya Sanga, karibu na ziwa la Kisale, wataalamu wa mambo ya kale walikuta misalaba midogo ya mukuba pamoja na mifupa ya watu waliozikwa mamia ya miaka kabla yake. Watu wa Katanga walikuwa wameujua ufundi huo zamani.

Basanga walifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, mavuno yakiwa yameisha. Watu walihamia karibu na mashimo, wakachimba jiwe la kijani ambalo wataalamu wanaliita malakaiti. Dikuluwe na Musonoi, majina ambayo leo kila mtu wa Kolwezi anayajua kwa sababu ya migodi mikubwa, yalikuwa kati ya sehemu hizo. Wengine walikata miti migumu na kuchoma makaa. Tanuru zilijengwa kwa udongo wa vichuguu, kwa sababu udongo huo unavumilia moto mkali. Mivukuto ya ngozi ilipuliza hewa hadi jiwe likaachia mukuba wake, ukatiririka chini.

Mukuba huo uliyeyushwa tena na kumiminwa katika vyetezo vya udongo. Umbo lililojulikana kuliko yote ni msalaba, wenye urefu wa shubiri moja hivi. Msalaba ulikuwa fedha: ulilipa mahari, ulinunua chumvi, ulinunua jembe, na katika nyakati mbaya ulinunua mtu.

Mmisionari Mskoti Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwezi Februari mwaka 1886, aliandika kwamba kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa jamaa fulani tu. Baba alimfundisha mtoto, na maagizo ya mababu yalifuatwa bila kupunguza hata hatua moja.

Ufundi wa uzi

Bayeke waliukuta ujuzi huo wa kuyeyusha, na wao wakaendeleza ufundi mwingine uliojulikana upande wa mashariki: kuvuta mukuba kuwa waya. Hapo ndipo Bunkeya ilipopata sifa yake.

Fundi alianza na kipande kirefu cha mukuba kilichomiminwa katika mfereji. Alikigonga kwa nyundo hadi kikawa fimbo nyembamba. Kisha akaichonga ncha yake na kuipitisha katika tundu la chuma. Upande wa pili, ncha ilishikwa kwa koleo na kuvutwa. Fimbo ilipotoka ilikuwa nyembamba zaidi na ndefu zaidi. Ikapelekwa katika tundu dogo kuliko lile la kwanza, halafu dogo zaidi, hadi ikafanana na uzi.

Kazi hiyo ina siri moja ambayo kila fundi alilazimika kuijua. Mukuba ukivutwa mara kadhaa unakuwa mgumu na mkavu. Ukizidi kuulazimisha, unakatika. Dawa yake ni moto. Waya unapashwa, unarudia ulaini wake, kisha unavutwa tena. Vuta, pasha, vuta: asiyekuwa na subira aliharibu mali.

Waya mwembamba sana haukuvaliwa peke yake. Mafundi waliuzungusha, mzunguko kwa mzunguko, juu ya kiini laini cha nywele za mnyama au nyuzi za mmea. Pambo lililotoka, ambalo misafara ya Unyamwezi ililiita sambo, lilikunjika kama kamba na kung'aa kama metali. Wanawake wa nyumba za wakubwa na askari hodari walivaa mafungu yake miguuni na mikononi. Sambo ilikuwa alama ya cheo, na pia ilikuwa mali nyepesi ya kubeba safarini.

Kwa Msiri, maana yake ilikuwa kubwa. Mukuba uliotoka tanuruni ulikuwa na bei moja. Uliovutwa kuwa nyuzi ulikuwa na bei nyingine. Tena mafundi hao hao walimiminia risasi za mukuba kwa ajili ya bunduki za askari wake.

Barabara za pande mbili

Msiri aliijua biashara kuliko watawala wengi wa wakati wake. Mashariki, misafara ya Waswahili na Waarabu, kati yao watu wa Tippu Tip, ilileta nguo, shanga na bunduki kutoka pwani. Magharibi, wafanyabiashara wa Ovimbundu walitoka Benguela, kwenye bahari ya Angola, na baruti. Ili kuilinda njia hiyo ya magharibi, alimwoa Maria de Fonseca, mwanamke wa asili ya Kireno na Kiafrika kutoka Angola, ambaye alikuwa na sauti kubwa nyumbani mwake.

Kwa njia hiyo, hakuna mfanyabiashara mmoja aliyeweza kumbana. Wa mashariki akipandisha bei, kulikuwa na wa magharibi.

Lakini bidhaa zilizolipia bunduki hizo hazikuwa mukuba na pembe za tembo tu. Watu pia waliuzwa. Vita vya Bayeke vilijaza mateka Bunkeya, na wengi wao walipelekwa Benguela au pwani ya mashariki. Wageni waliofika mji mkuu waliona mafuvu ya watu yaliyotundikwa kwenye miti ya ua wa Mwami. Machifu waliotawaliwa walileta ushuru wa mukuba, chumvi, pembe na chakula, na aliyechelewa aliadhibiwa. Basanga, waliokuwa wenyeji wa mashimo mengi ya mukuba, waliona mali yao ikienda kwa mtu aliyefika kwao akiomba kibali. Chuki hiyo ilikaa muda mrefu kabla ya kulipuka.

Wazungu wanafika

Kuanzia mwaka 1884 wasafiri Wazungu walianza kufika. Mjerumani Paul Reichard alikuwa kati ya wa kwanza. Arnot alifuata mwaka 1886 na kuanzisha misioni, halafu wenzake Charles Swan na Dan Crawford. Msiri aliwakaribisha wamisionari, akawaweka karibu naye, na akasikiliza habari zao za mambo ya nje.

Habari za mukuba wa Katanga zilikuwa zimefika Ulaya. Kwenye ramani, mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa umefungua mlango kwa mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji kudai bonde la Kongo. Lakini ramani ilikuwa karatasi tu. Bunkeya hakukuwa na bendera yake. Upande wa kusini, kampuni ya Cecil Rhodes nayo iliitamani Katanga.

Mwezi Novemba mwaka 1890 alifika Alfred Sharpe, akiwa na mkataba wa Waingereza. Msiri, alipoelezwa maana ya maneno yaliyomo, alikataa kuutia sahihi. Mwezi Aprili 1891 akaja Paul Le Marinel, kwa niaba ya Leopold. Mwezi Oktoba akaja Alexandre Delcommune. Wote waliondoka bila kupata alichokataa kutoa: inchi yake.

Wakati huo huo nyumba yake ilikuwa inatikisika. Basanga walikuwa wameasi na kuzifunga njia. Baruti ilipungua, na njaa iliingia Bunkeya. Mwami alikuwa mzee wa miaka 60 hivi, akizungukwa na maadui ndani na nje.

Tarehe 20 Desemba 1891

Msafara wa mwisho ulifika tarehe 14 Desemba 1891. Uliongozwa na kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada aliyetumwa na kampuni ya Katanga kwa faida ya Leopold. Ulikuwa na mamia ya watu, wengi wao askari na wabeba mizigo walioandikwa Zanzibar na pwani, wanaosema Kiswahili. Kwa hiyo maneno mengi ya siku hizo za mwisho kati ya pande mbili yalipita katika lugha hii.

Stairs alitaka bendera ya Leopold ipandishwe. Msiri alitaka baruti na muda. Hawakupatana. Stairs alipandisha bendera kwa nguvu, na Mwami akaondoka usiku kwenda Munema, kijiji cha karibu.

Tarehe 20 Desemba Stairs alimtuma Mbelgiji Omer Bodson pamoja na Mfaransa de Bonchamps na askari kwenda kumkamata. Bodson aliingia ndani ya ua. Maneno yalipokuwa makali, Bodson alimpiga Msiri risasi, na Mwami akaanguka na kufa papo hapo. Mara hiyo hiyo mtu wa Msiri alimpiga Bodson, ambaye naye alikufa. Maiti ya Mwami ilibebwa na watu wa msafara. Kichwa chake kilikatwa, na mpaka leo hakijulikani kilipo.

Mtoto wake, Mukanda Bantu, alikubali utawala wa Wazungu na akatambuliwa kuwa chifu, lakini juu ya eneo dogo. Machifu wengine waliokuwa chini ya Msiri walirudishiwa uhuru wao, kwa muda mfupi tu, kabla ya wote kuwa chini ya bwana mpya. Stairs naye hakuufurahia ushindi wake: alikufa kwa malaria mwezi Juni 1892 akiwa njiani kurudi Ulaya.

Tanuru zinazimika

Wiki chache baada ya kifo cha Msiri, mtaalamu wa mawe Jules Cornet alifika Bunkeya na msafara mwingine. Yeye ndiye aliyeandika kwa mara ya kwanza, kwa njia ya kisayansi, utajiri wa mawe ya Katanga. Lakini yeye na waliomfuata hawakutafuta gizani. Mara nyingi walionyeshwa na wenyeji mashimo ya zamani, na mengi ya mashimo hayo yakawa migodi ya kampuni.

Mwaka 1906 Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa. Mwaka 1911 tanuru lake la Lubumbashi lilitoa mukuba wa kwanza. Tanuru za udongo wa kichuguu zilikuwa zimekwisha kuzimwa, na jamaa zilizorithi kazi hiyo ziligeuzwa vibarua, wabeba mizigo na walipa kodi. Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, aliyechapisha mwaka 1926 maelezo ya kazi ya Basanga, alilazimika kuwategemea wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Kwa miaka isiyofika 40, ufundi wa karne nyingi ulikuwa umegeuka hadithi ya wazee.

Mukuba mwembamba wa leo

Mambo ya mafundi wa Bunkeya yanaonekana ya mbali, mpaka mtu atazame viwanda vinavyotengeneza elektroniki za kukunjika. Mukuba safi unapitishwa kati ya magurudumu ya chuma mara nyingi, hadi unakuwa karatasi. Unene wa kawaida ni sehemu 18 au 35 za elfu moja ya milimita, pungufu ya unywele wa mtu. Kama waya wa Msiri, karatasi hiyo inakuwa ngumu kwa kubanwa, na moto ndio unaoirudishia ulaini. Sehemu itakayokunjwa kila siku inahitaji mukuba wa namna hiyo.

Kisha karatasi inagandishwa juu ya plastiki nyembamba inayovumilia joto. Inapakwa dawa inayogeuka kwa mwanga, inamulikwa kwa picha ya njia zinazotakiwa, halafu inaoshwa kwa dawa kali inayokula mukuba usiofunikwa. Zinazobaki ni njia za umeme, nyembamba na laini. Huo ndio utepe wa kahawia ndani ya telefone. Na katika nyaya laini za visikilizio vya masikio, mara nyingi kuna utepe mdogo wa mukuba uliozungushwa juu ya uzi wa nguo, mzunguko kwa mzunguko, kama sambo ilivyozungushwa juu ya nywele. Sababu ni ile ile: metali nyembamba iliyozungukwa hivyo inajikunja bila kuchoka haraka.

Vihisio vingi vinatoka katika ufundi huo. Kimoja kinaitwa kipima mvutano: ni njia nyembamba ya metali, mara nyingi mchanganyiko wa mukuba na nikeli, iliyochorwa kwa kwenda na kurudi juu ya kipande cha plastiki. Kikivutwa kidogo, njia inarefuka na kuwa nyembamba, umeme unapita kwa shida zaidi, na mashine inasoma tofauti hiyo. Mizani nyingi za kupimia kamioni zinategemea vihisio vya namna hiyo. Kamioni iliyobeba mukuba wa Kolwezi kuelekea Kasumbalesa inaweza kupimwa uzito na mukuba mwingine uliokwisha kufanywa kihisio ng'ambo.

Kongo sasa ni ya pili ulimwenguni kwa kutoa mukuba, nyuma ya Chile, na inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayoingia katika betri. Mukuba mwingi unaondoka Lualaba ukiwa mabamba mazito. Sehemu yake inapita kwa reli ya magharibi hadi Lobito, jirani ya Benguela, upande ule ule ambao misafara ya Msiri iliufuata. Bei inayopanda bamba linapofanywa karatasi, karatasi ikafanywa utepe, na utepe ukafanywa kihisio, inalipwa kwingine.

Msiri hakuwa mtakatifu, na wajukuu wa waliouzwa Bunkeya wana haki ya kulikumbuka hilo. Basanga wana hesabu yao naye, na Bayeke wana yao. Lakini wakati wake mtu aliyetaka waya wa mukuba wa Katanga aliukuta umekwisha kuvutwa Katanga, na mikono iliyouvuta ilikuwa ya watu wa hapo.

Ukoo wake bado uko. Godefroid Munongo, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wakati Katanga ilipojitenga mwaka 1960, alikuwa mzao wake, na baadaye yeye pia alikuwa Mwami wa Bayeke. Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka mzee aliyezikwa bila kichwa. Wengi wanafika na telefone mkononi ili kupiga picha za ngoma. Ndani ya kila telefone umo utepe ule mwembamba wa mukuba.